Kutoka Darajani hadi Michenzani: Majina ya Mitaa katika Mji wa Kijamaa

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayezuru Unguja aghalabu huishia Mji Mkongwe. Huonyeshwa milango ya nakshi na vichochoro, kisha hurejea akidhani ameuona mji wote. Makala hii inamwalika avuke barabara na kufanya ziara ya miguu katika Ng'ambo, hadi kwenye magorofa ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nia yetu ni kuonyesha kwamba majina ya mahali ni kumbukumbu: huhifadhi yale ambayo saruji imeyafunika.

Darajani na Ng'ambo

Ziara ianzie Darajani. Jina hili limeundwa kwa nomino daraja na kiambishi tamati cha mahali -ni. Daraja lenyewe halipo. Hapo kale mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki. Ulifukiwa katika karne ya 20, na mahali pake pakawa barabara.

Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na upande upi ni wa pili hutegemea aliposimama msemaji. Aliyeuita mtaa huo Ng'ambo alisimama upande wa majumba ya mawe. Maji yalikwisha kufukiwa, lakini mtazamo huo ukabaki katika lugha. Hata mkazi aliyezaliwa huko husema anaishi Ng'ambo, kana kwamba kitovu cha mji kiko kwingine.

Michenzani

Tukishika njia ya mashariki tunawasili kwenye makutano ya barabara mbili pana. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Abeid Amani Karume iliazimia kuiondoa tofauti hiyo ya pande mbili kwa kuwajengea watu wa Ng'ambo makao ya kisasa. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walitangulia kujenga Kikwajuni. Mwaka 1968 mpangaji miji Hubert Scholz aliandaa mpango mkuu wa mji, na miaka ya 1970 magorofa ya Michenzani yakainuka.

Wananchi walishirikishwa katika kazi ya ujenzi, na nyumba za udongo zilizokuwa hapo zikabomolewa. Karume hakuuona mwisho wa kazi hiyo, kwani aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 katika mtaa jirani wa Kisiwandui. Magorofa yaliyosimama ni 10, machache mno kuliko yaliyokusudiwa. Baadhi yana urefu wa takriban mita 300, na hayana lifti.

Jina, hata hivyo, halikubomolewa. Mi-chenza-ni: penye miti ya machenza. Vivyo hivyo Kikwajuni hutukumbusha mkwaju, na Kisiwandui huunganisha kisiwa na ndui, maradhi yaliyowatisha wazee wetu. Mpangaji alichora mistari iliyonyooka. Wenyeji waliendelea kuyaita mahali kwa miti na misiba yao.

Baraza na uani

Nyumba ya Mswahili ilikuwa na baraza mbele na uani nyuma. Barazani watu walipokea wageni na habari. Uani shughuli za nyumbani ziliendelea kwa faragha. Fleti ilileta jiko na choo ndani, jambo la maana kwa aliyezoea kuchota maji nje. Lakini ilimpandisha mtu ngazi na kumtenga na jirani. Je, utamaduni ulikufa? La. Chini ya magorofa watu hukaa, huuza na huzungumza. Baraza halikuchorwa katika mpango, ila wakazi wenyewe wamelirejesha.

Hitimisho

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ng'ambo ilibaki nje ya mpaka huo, ilhali umati wa wasemaji wa Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, umeishi upande huo. Hatuna budi kuuchunguza mtaa wa saruji kama tunavyouchunguza mlango wa nakshi. Mwanaisimu chipukizi na aanzie nyumbani: achukue majina matano ya mitaa ya mji wake, ayachanganue mofimu kwa mofimu, kisha awaulize wazee ni kitu gani kilichokuwapo. Wazee hao wakiondoka, tutabaki na majina tusiyoyajua maana.