Uvimbe wa Mguu Usiouma

Kila mtu alijua jipu. Likitunga, ngozi hupata moto, huvimba na kupwita usiku kucha, na mwenye jipu hahitaji kuhimizwa aende kwa daktari; maumivu yenyewe humpeleka. Vivyo hivyo choa: huwasha, huonekana, na mtu huona haya mbele ya wenzake, basi hutafuta dawa upesi. Lakini yako maradhi mengine ya ngozi na ya nyama iliyo chini yake ambayo hayana desturi hiyo. Huingia kimya na kukaa kimya, na kwa muda wa miaka mwenye nayo huendelea kwenda machungani na shambani kama kawaida. Siku anapoanza kuhisi maumivu, mara nyingi mfupa umekwisha kuliwa. Madaktari huyaita maradhi haya misetoma, na jina lake la zamani ni mguu wa Madura.

Twaona yafaa kuyaeleza kwa kirefu, kwa sababu makao yake ni nchi kavu zenye joto na miiba. Sudani, Somalia, Ethiopia, Senegali, Bara Hindi na Meksiko zote zinayajua, na katika Kenya wagonjwa wake hutoka hasa katika nyika za kaskazini, kama vile Turkana. Tena huwapata watu walio katika nguvu zao, vijana wachungaji na wakulima, ambao jamaa zao huwategemea kwa chakula.

Tumfikirie kijana mmoja mchungaji, mwenye umri wa miaka 20. Alipokuwa akifuata mbuzi wake alichomwa unyayoni na mwiba wa mgunga. Akauchomoa, akasugua kidogo kwa mchanga, akaendelea na njia yake. Jambo hilo kwake lilikuwa dogo mno hata kulisahau, na nani katika nyika hajachomwa na mwiba? Baada ya miezi mingi akaona uvimbe mgumu, mdogo kama harage. Akiubonyeza hausikii. Mwaka uliofuata mguu ukawa mnene, kiatu hakiingii, lakini bado hauumi. Kisha ngozi ikaanza kutoboka vitundu. Kimoja kikiziba, kingine hufunguka kando yake, na katika usaha hutoka punje ndogo ndogo kama mchanga.

Hapo ndipo ugonjwa unapojitambulisha. Uvimbe usiouma, vitundu vinavyotoa usaha, na punje ndani ya usaha huo: dalili tatu hizi zikikutana katika mguu mmoja, hakuna haja ya kubahatisha tena. Matende nayo huvimbisha mguu, lakini hayatoi punje. Watu wa kale wa Bara Hindi waliuita ugonjwa huu mguu wa kichuguu, na kwa kweli mwenye kuuona hawezi kuwalaumu, maana mguu hujaa vinundu na matundu kama kichuguu cha mchwa.

Jina la Madura lilitokana na mji wa kusini mwa Bara Hindi, ambako Dakt. John Gill alieleza ugonjwa huu katika mwaka 1842. Mwaka 1860 Dakt. Henry Vandyke Carter, aliyekuwa Bombay, ndiye aliyeupa jina la misetoma na kusema kwamba chanzo chake ni kuvu. (Carter huyo ndiye aliyechora picha za kitabu mashuhuri cha viungo vya mwili cha Gray, kilichotoka mwaka 1858.) Baadaye ikagunduliwa kwamba neno la Carter lilikuwa kweli nusu tu. Wako wagonjwa ambao miguu yao huliwa na kuvu, yaani jamii ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliochacha; na wako wengine ambao maradhi yao yaletwa na bakteria. Wote wawili huishi udongoni na juu ya miiba, na wote wawili huingia kwa mlango mmoja. Kwa macho miguu yao hufanana kama mapacha, lakini dawa ya mmoja haimsaidii mwingine hata kidogo.

Ndiyo sababu twaomba sana kwamba punje zile zisitupwe. Kila punje ni kama kijiji cha vijidudu vilivyojikusanya na kujijengea boma, hata nguvu za mwili na dawa zisipenye kwa urahisi. Rangi yake hutoa habari. Punje nyeusi ni za kuvu. Punje nyekundu ni za bakteria. Za manjano kwa kawaida ni za bakteria pia, lakini nyeupe zaweza kuwa za huyu au za yule, na hapo lazima mtaalamu azitazame kwa hadubini. Mgonjwa akimweleza daktari rangi aliyoiona, au akimwonyesha kitambaa alichofungia kidonda, amemrahisishia kazi kuliko anayefika ameosha kila kitu kwa kuona haya.

Ikiwa ni bakteria, matumaini ni makubwa. Daktari hutoa dawa kama kotrimoksazoli, na pengine huongeza sindano za amikasini, na matibabu huendelea kwa miezi mingi. Sindano hizo zaweza kudhuru masikio na figo. Kwa hiyo si dawa za kununuliwa sokoni na kudungwa nyumbani. Ikiwa ni kuvu, kazi ni nzito zaidi. Mgonjwa hupewa itrakonazoli kila siku kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, akipimwa damu ili ini lake lisidhurike, na mara nyingi hupasuliwa pia. Dawa ni ghali, na wengi huiacha wanapoona vitundu vimeziba. Miezi michache baadaye uvimbe hurudi. Hata waliomaliza dawa wapo waliorudiwa, na waliochelewa sana wapo waliokatwa mguu.

Nchi iliyojifunza zaidi habari za ugonjwa huu ni Sudani. Tangu mwaka 1991 kulikuwako Khartoum kituo maalumu cha misetoma, ambako maelfu ya wagonjwa walitibiwa. Huko ndiko dawa mpya iitwayo fosravukonazoli, iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya kuvu za kucha, ilikojaribiwa kuanzia mwaka 2017. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba dawa hiyo, imezwayo mara moja kwa juma, ilifanya kazi sawa na itrakonazoli ya kila siku. Kwa mtu aishiye mbali na barabara hiyo si tofauti ndogo. Lakini vita vilivyoanza Sudani Aprili 2023 vilikiharibu kituo hicho, na wagonjwa wake wakatawanyika. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutia ugonjwa huu katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2016 tu; kwa maoni yetu ulistahili kutiwa humo zamani sana.

Kwa kuwa uvimbe hauumi na hauna haraka, watu husema ni laana au ni kazi ya jirani mwenye kijicho. Basi mgonjwa huzungushwa kwa waganga, akachomwa kwa chuma cha moto, au mtu mwenye kisu akajaribu kuung'oa uvimbe. Kukata nusunusu ni kosa kubwa kuliko yote. Uvimbe ukiwa bado mdogo, daktari wa kupasua aweza kuutoa mzima pamoja na ngozi yake na mgonjwa akapona. Lakini ukichokorwa, vijidudu hubaki nyuma na kuenea katika nyama na mifupa. Wala hapana sababu ya kumtenga mgonjwa. Ugonjwa huu hautoki kwa mtu kumwingia mtu. Mke na watoto waweza kula naye na kulala naye nyumba moja bila hofu.

Tusidhani kwamba ni mguu peke yake. Mkono huchomwa wakati wa kupalilia au kujenga boma la miiba, na wanaobeba kuni huchomwa mgongoni na hata kichwani. Penye miiba mingi yafaa kuvaa viatu wakati wote. Akala zilizokatwa kwa mpira wa gurudumu ni nzuri kuliko kandambili nyembamba, ingawa mwiba mrefu wa mgunga hutafuta upenyo pembeni. Mwiba ukiingia, utolewe wote, pasibaki ncha ndani. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu aulize katika zahanati kama apaswa kuchanjwa pepopunda. Kisha pale alipochomwa apakumbuke. Kinundu kikitokea mahali hapo, hata baada ya mwaka mmoja au miwili, hata kama hakimzuii kutembea, aende hospitali kingali kidogo na kusema waziwazi, Hapa nilichomwa na mwiba.