Jina la Yohana: Asili Yake na Maana Yake

Majina ya wanaume yaliyoenea duniani ni mengi, lakini ni machache yaliyosafiri mbali kama jina la Yohana. Asili yake ni lugha ya Kiebrania, ambamo hutamkwa Yohanani. Jina hilo limeungwa kwa maneno mawili: la kwanza ni kifupi cha jina la Mwenyezi Mungu, na la pili lina maana ya kufadhili. Basi maana yake ni “Mungu amefadhili.”

Injili ya Luka yaeleza kwamba mtoto wa Zakaria alipofikia siku ya nane, jamaa walitaka aitwe kwa jina la baba yake. Mama yake, Elisabeti, alikataa, akasema ataitwa Yohana. Wakashangaa, maana katika ukoo hapakuwa na mtu mwenye jina hilo. Zakaria, ambaye alikuwa bubu wakati ule, akaomba kibao, akaliandika, na shauri likaisha. Mtoto huyo ndiye Yohana Mbatizaji. Waislamu nao humheshimu kuwa nabii, na humwita Yahya.

Wayunani waliliandika Ioannes, na Warumi Johannes. Kutoka hapo kila taifa lililitamka kwa ulimi wake: Waingereza husema John, Wafaransa Jean, Wahispania Juan, Waitalia Giovanni, na Warusi Ivan. Wahabeshi husema Yohannes, na mfalme wao Yohannes wa Nne alitawala tangu 1872 hata 1889. Wamisionari wawili wa Kijerumani waliofika Mombasa, Johann Ludwig Krapf mwaka 1844 na Johannes Rebmann mwaka 1846, kila mmoja alikuwa somo wa mwenziwe.

Lakini ingawa maana ni moja, karani hasomi maana, husoma herufi. Mtu aliyeandikwa Yohana katika cheti cha ubatizo, John katika cheti cha shule, na Johana katika hati ya shamba, aweza kudhaniwa kuwa watu watatu. Siku ya kudai akiba yake au urithi wa baba yake, huenda akatakiwa kuapa kwamba ndiye yule yule, naye akangoja hali wenziwe wamekwisha kupokea haki yao. Kwa hiyo yampasa mzazi kuchagua mwandiko mmoja tangu mtoto anapoandikishwa kuzaliwa, na kuushika katika kila hati. Zakaria alimaliza ubishi kwa kuandika mara moja, tena waziwazi.