Gari lako likibeba mzigo, lilipe nauli

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee usafiri. Nipo Kyimo, Rungwe, nauza parachichi na ndizi kwa WhatsApp, na nina pikapu ya zamani, Land Rover 109. Mvua za huku mnazijua, bila fowili shambani hutoki.

Ila usimwandikie mteja "usafiri bure" kisa gari ni lako. Kila safari najitoza nauli ileile ningempa mwenye gari la kukodi. Mafuta yanatoka humo, kinachobaki kinakaa kwenye laini tofauti: springi, tairi, fundi. Mzigo mdogo naupakia bajaji, Land Rover inalala.

Na ukifika lami ya Tukuyu–Mbeya, toa fowili. Haya ya zamani yanamaliza tairi na kuumiza gia.

Wewe unatozaje usafiri?