Ampli ya Lampi: Mbele ya Kugusa Rezistansi



Kwa kazi, fundi wa umeme anajua sheria: kata umeme, funga kadena, pima kama kweli umeme umeisha, kisha gusa. Lakini siku ya mapumziko mutu yule yule anafungua ampli ya gitaa ya kijana wake juu ya meza ya kulia, anatoa fishi mu prizi, na anafikiri amemaliza mambo ya usalama. Kwa ampli ya lampi, hajamaliza.

Umeme wa nyumba ni volti 220. Ndani ya ampli ya lampi kubwa, kama zile za EL34, transfo inaupandisha, na mara nyingi unapita volti 400. Umeme huo unalindwa mu kondensateri kubwa, kama maji mu pipa. Ukitoa fishi, umezuia tu maji mapya kuingia. Pipa ingali imejaa. Kwa ampli fulani inajimwaga yenyewe. Kwa ingine inakaa hivyo wakati murefu, na hakuna alama ambayo jicho linaweza kuona.

Basi, uimwage wewe. Chukua rezistansi ya ohmu 10 000, ya wati 10, na nyaya mbili zenye kufunikwa vizuri. Waya mumoja uufunge kwa shasi, mwingine uguse mukono wa plusi wa kondensateri, na uhesabu pole pole mpaka 10. Kisha pima na voltimetre. Fanya hivyo kwa kila kondensateri kubwa. Usitumie turnevisi: inapasua cheche na inaweza kuharibu kondensateri. Mukono mumoja tu ufanye kazi. Ule mwingine uweke mu mufuko. Umeme unaoingia kwa mukono mumoja na kutokea kwa mwingine unapita mu kifua, na huko ndiko moyo uko.

Sasa rezistansi yenyewe. Iliyoungua inajionyesha: ni nyeusi, imepasuka, inanuka. Lakini zile za zamani za kaboni zinadanganya. Rangi zake zingali safi, kahawia, nyeusi, njano, ndiyo kusema ohmu 100 000, lakini ukipima unakuta 140 000, na gitaa inalia kama mafuta mu sufuria. Mbele ya kupima, lehemua mguu wake mumoja na uuinue. Ikiwa imefungwa pande zote mbili, umeme wa kipimo unapita pia njia zingine na hesabu inakuwa ya uongo.

Uangalie na wati. Rezistansi ya ohmu 100 000 yenye kubeba volti 150 inakula karibu robo ya wati. Usiweke ya robo kamili, itateseka; weka ya nusu ao ya wati moja. Ile yenye kupata moto sana uiinue kidogo juu ya kibao, hewa ipite.

Sisi wa dispansere tunajua kwamba homa si ugonjwa, ni alama yake. Rezistansi iliyoungua ni vile vile. Ile ndogo ya ohmu 470 karibu na lampi kubwa, mara nyingi iliuawa na lampi iliyoharibika ndani. Ukibadilisha rezistansi na kuacha lampi, utaona moshi tena. Na yule anayeweka waya mahali pa fizibili, huyo anatafuta moto mu nyumba yake.

Wamama, ampli ikiwa wazi, watoto wasikaribie meza, hata kama fishi imetoka.

Mutu akipigwa na umeme, usimushike. Kata umeme kwanza. Kama hajibu na hapumui vizuri, umulaze chali, na umusukume katikati ya kifua kwa nguvu, sentimetre 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja. Usiache mpaka wasaidizi wafike. Mwingine akimbie kuwaita. Usimumwagie maji, usimunyweshe maziwa.

Kama amesimama na anacheka, aletwe vile vile kwa hospitali. Ngozi inaweza kuonyesha kidonda kidogo tu, na nyama ya ndani imeungua. Moyo nao unaweza kupiga vibaya. Mukojo ukigeuka rangi ya chai, musingoje asubuhi.