Kurudisha mafaili baada ya kuweka Windows upya

Mwanafunzi wa isimu akishaweka Windows upya, asikimbilie kuendelea na kazi yake. Ikiwa diski haikufutwa wakati wa kuiweka, mafaili ya zamani bado yamo: yatafute katika folda iitwayo Windows.old, ndani ya Users, chini ya jina ulilokuwa ukitumia. Lakini folda hiyo si ghala. Baada ya siku 10 hivi mfumo waweza kuifuta wenyewe. Nakili kwanza kila kitu kwenye diski ya nje, ndipo upange.

Tuanze na rekodi za sauti. Sura ya tasnifu huandikwa tena, lakini mzee aliyetusimulia hadithi kijijini huenda ameshafariki. Faili la ELAN (.eaf) halibebi sauti ndani yake; linakumbuka tu mahali sauti ilipo. Ukilitenga na .wav yake, maandishi yatafunguka bila sauti. Yaweke yote mawili katika folda moja, majina yakianza na mwaka, kama 2023-05-14_hadithi_01. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa tarehe.

Jambo jingine huwatisha wengi: alama za toni za Kiluba au Kibemba zimegeuka vijisanduku, au zimehama mahali pake. Usiandike upya! Kama ulitumia Unicode, herufi zi salama; kilichokosekana ni fonti, kwa mfano Charis SIL au Doulos SIL. Iweke, kisha fungua faili tena.

Picha na muziki vyaweza kungoja.