Somo la Hesabu: Mtoto Amekwenda Chuoni



Mtoto akipata nafasi ya chuo, kijiji kizima hupata habari. Majirani huja kupongeza. Mama hupiga vigelegele. Baba naye anafurahi, lakini hukaa kimya kidogo. Anajiuliza: "Fedha nitatoa wapi?"

Somo letu la leo ni juu ya swali hilo. Si somo la mwanafunzi peke yake. Ni somo la mzazi na mtoto pamoja, maana deni la mmoja huja kukaa katika nyumba ya wote.

1. MWEZI MGUMU

Kwetu Mbeya na Iringa, mahindi mengi huvunwa kuanzia Juni au Julai. Wakati huo mahindi yamejaa sokoni, na bei iko chini. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Mvua nazo huanza Novemba. Hebu tazama sasa. Ada, nauli, godoro la mtoto, mbegu na mbolea, vyote vinataka fedha kwa wakati mmoja. Na ghala limekwisha kupungua.

Hapo ndipo mkopeshaji wa haraka hubisha hodi. Hataki maneno mengi. Anataka sahihi yako tu, na labda hati ya shamba. Watu wameupa mkopo huo jina lake: kausha damu. Tufanye hesabu tuone kwa nini.

Tuseme umekopa sh. 200,000 mwezi Novemba. Riba ni asilimia 20 kwa mwezi. Maneno ya kutazama ni hayo mawili: "kwa mwezi".

Asilimia 20 ya 200,000 ni sh. 40,000. Hiyo ni riba ya mwezi mmoja. Kutoka Novemba mpaka mavuno ya Juni ni miezi 7.
40,000 × 7 = sh. 280,000.
Ongeza fedha uliyokopa: 280,000 + 200,000 = sh. 480,000.

Umeona? Riba imekuwa kubwa kuliko mkopo wenyewe. Na kama fedha ya mbolea nayo ilikwenda chuoni, mavuno yatakuwa machache. Utalipa deni kubwa kwa mahindi kidogo. Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Njia nzuri ni kuanza mapema. Wakati wa mavuno, tenga magunia ya chuo. Yatunze vizuri yasiliwe na dumuzi. Magunia hayo yasiguswe kwa pombe wala kwa sherehe. Tenga pia magunia ya mbolea. Kama bado fedha haitoshi, uliza kwanza katika chama chenu cha kuweka na kukopa. Uliza riba ni kiasi gani, na kama ni ya mwezi au ya mwaka. Usione haya kuuliza. Fedha utakayolipa ni yako.

2. MKOPO WA SERIKALI SI ZAWADI

Katika miaka ya 1970, serikali ilibeba gharama za wanafunzi wa chuo kikuu. Katika miaka ya 1990 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilianza kazi mwaka 2005. Mwaka huohuo iliyokuwa sekondari ya Mkwawa, pale Iringa, iligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki. Leo vijana wetu wengi wanasoma huko, na wengine wanasoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kwa mkopo wa Bodi.

Mkopo huu ni msaada mkubwa, lakini ni deni. Si kila mwombaji hupata, na anayepata huenda asipewe gharama zote. Kwa hiyo mzazi asiuze kila kitu, na pia asikae akingoja tu.

Fomu ya mkopo inataka mdhamini. Mara nyingi mdhamini ni mzazi. Ndugu yangu, wewe unajua kusoma. Usitie sahihi kabla ya kusoma. Mwambie mtoto: "Mwanangu, kaa hapa, tusome wote mstari kwa mstari." Andika kiasi cha mkopo katika daftari la nyumbani, kila mwaka wa masomo.

Deni hili hulipwaje? Sheria ilibadilishwa mwaka 2016. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Zamani kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Asiyeajiriwa naye anadaiwa. Kukosa ajira hakufuti deni.

Tuseme kijana anadaiwa sh. 10,000,000, na mshahara wake wa msingi ni sh. 600,000. Asilimia 15 ya 600,000 ni sh. 90,000. Gawanya 10,000,000 kwa 90,000. Utapata miezi 111, na kiasi kidogo kinabaki. Basi ni miezi 112, yaani miaka 9 na miezi 4. Hapo tumehesabu mkopo wenyewe tu.

Kwa hiyo mzazi usiseme, "Akipata kazi tu, mwezi wa kwanza atatujengea nyumba." Mshahara wake umekwisha kukatwa kabla haujafika mkononi.

3. SIKU 60

Mwanafunzi hupewa fedha ya chakula na malazi kwa mafungu. Wao huiita "bumu". Tuseme binti amepokea sh. 600,000, za kutumia siku 60.

Chumba cha kupanga, miezi miwili: sh. 80,000.
Kurudufu vitabu na karatasi: sh. 40,000.
Zinabaki sh. 480,000. Gawanya kwa siku 60: ni sh. 8,000 kwa siku.

Lakini wiki ya kwanza akanunua simu ya sh. 180,000. Zikabaki sh. 300,000. Sasa ana sh. 5,000 tu kwa siku. Yeye hakugawanya. Aliendelea kula kwa sh. 10,000, kama wenzake. Siku ya 30 fedha ikaisha. Akampigia mama yake simu:

– Shikamoo mama.
– Marahaba mwanangu. Hujambo?
– Sijambo mama, ila fedha imekwisha. Kuna mtu atanikopesha leoleo. Anataka nimwachie kadi ya benki na namba ya siri.
– Ha! Mwanangu, funguo ya ghala humpi mgeni. Fedha ikiingia si atachukua yeye kwanza?
– Nitafanyaje sasa?
– Usimpe. Nitakutumia kidogo, na utapika mwenyewe. Lakini niambie, unayo daftari?
– Sina, mama.
– Basi nunua leo. Mimi nilijifunza kuandika nikiwa na wajukuu. Wewe msomi utashindwa?

Mama huyo alisema neno zito. Anayeshika kadi yako ameshika mlo wako wa kesho. Bumu likiingia, hulioni. Unakopa tena ili ule. Wako wanaofika mwisho wa mwaka hawana nauli wala nafasi ya mtihani, kwa sababu ada haikukamilika.

4. DAFTARI

Chukua daftari. Chora mistari upate sehemu nne: tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, fedha iliyobaki. Andika kila siku jioni, hata kama ni sh. 200 ya chumvi. Mwanafunzi awe na lake chuoni. Mzazi awe na lake nyumbani. Likizo ikifika, wekeni madaftari mawili mezani, msome pamoja. Si kwa ugomvi. Mwana naye aone mbolea ilinunuliwa kwa shida gani. Mzazi naye aone kuwa chakula cha mjini hakitoki shambani.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtu amekopa sh. 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Amelipa baada ya miezi 5. Jumla alilipa kiasi gani?
2. Mwanafunzi ana sh. 420,000 za siku 60. Atumie kiasi gani kwa siku?
3. Katika kijiji chenu, ada na mbolea hugongana mwezi gani? Mnaweza kutenga nini tangu mavuno?

Majibu: Swali la 1, sh. 200,000. Swali la 2, sh. 7,000. Swali la 3 jibu lake mnalo ninyi.