SPIKA ZA MTUMBA KWA MTEJA WA KWAYA: USINUNUE KWA KISHINDO

Leo naongea na wanaouza vifaa vya muziki vya mtumba, hasa wa Mwanza, ila na wa Musoma, Bukoba na Geita somo ni lenu pia.

Mwaka wa kwanza wa duka langu nilinunua jozi ya spika kubwa za mbao kwa 280,000. Nilizijaribu palepale kwa singeli, zikatikisa kuta. Nikajiona nimepata dili. Wiki hiyohiyo akaja mwalimu wa kwaya, mtu mzima, akalipa 420,000 bila kelele nyingi. Siku ya tatu karudi nazo kwenye bajaji. Hakugomba. Akaniambia, "Kijana wangu, tuweke Aleluya Kuu ya Handel, halafu unionyeshe soprano wako wapi." Tukaweka. Upande wa kushoto besi na tenor wapo, soprano kama wanaimba wamefunikwa blanketi. Twita ilikuwa imekufa. Nikamwamkia upya, shikamoo mwalimu, nikarudisha hela yote. Hela yenyewe nusu nilikuwa nimeshalipia kodi ya fremu, ikabidi nikope.

Kosa langu lilikuwa pale kwenye kujaribu. Singeli na bongo fleva sauti inakuwa juu mwanzo mpaka mwisho, na ngoma inaficha madhaifu. Muziki wa kwaya na okestra haufanyi hivyo. Unaanza kwa kunong'ona, unapanda mpaka radi, unarudi kunong'ona tena. Pale unaponong'ona ndipo kila mkwaruzo unasikika. Kwa hiyo kwenye simu yako weka wimbo mmoja wa kwaya ya sauti nne unaoujua vizuri, usikilize kwa sauti ndogo kwanza. Kaa katikati ya spika mbili. Waimbaji wasikike kama wamesimama mbele yako, na uweze kumfuata alto peke yake ukitaka. Kama sauti zote zimekuwa uji mmoja, achana nazo hata kama besi inatisha.

Halafu sogeza sikio kwenye twita, moja baada ya nyingine, muziki ukiwa chini. Ile njia yetu ya kugusisha betri ya 1.5V kwenye waya ni nzuri kwa wufa: koni inaruka mbele ukiunganisha sawasawa. Ila kwa twita haikuhakikishii kitu, maana krosova inazuia umeme wa betri usipite. Mimi nilidanganyika hapo hapo. Ukiwa na mita, muombe muuzaji afungue twita, upime. Ya ohm 8 ikiwa nzima huwa inasoma karibu na 6. Isiposoma kabisa, koili imekatika.

Sasa sponji. Ule mzunguko laini unaoshika koni na fremu ya wufa, kama ni wa sponji, unaoza wenyewe baada ya miaka kumi na kitu au ishirini, hata spika ikikaa kabatini. Uguse kidogo kwa kidole. Ukibaki na unga au ukinata, hesabu gharama ya fundi kabla hujataja bei. Wa mpira au wa kitambaa unadumu zaidi. Toa kile kitambaa cha mbele uangalie mwenyewe, usikubali kuambiwa "kimegandishwa". Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukisikia inakwaruza ndani, hiyo koili imeungua au imepinda.

Huku kwetu ziwani angalia pia sehemu ya chini ya boksi. Mbao za kubandika zikinyonya unyevu zinavimba kama mkate uliolowa, na boksi lililovimba linavuja hewa.

Majina nayo yanatupiga. Utaambiwa Yamaha NS-10M, yenye koni nyeupe, ni "ya studio", bei inapaa. Kweli ilikaa studio nyingi duniani, ilitoka 1978, ila ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbani na huko haikupendwa sana. Besi yake nyembamba na sauti inachoma. Mteja wa okestra utamchosha. Kinyume chake kuna kaboksi kadogo kanaitwa LS3/5A, kalibuniwa na BBC ya Uingereza miaka ya 1970 kwa kusikiliza utangazaji kwenye vyumba vidogo. Kampuni kadhaa zilikatengeneza, Rogers na Spendor zikiwemo. Mtu asiyejua atakadharau kwa udogo, lakini kwa sauti ya binadamu ni moto. Ukikakuta kwenye kontena usikauze bei ya redio. Ila mwambie mteja ukweli: hakatoi besi nzito, na kanataka amplifaya yenye nguvu. Nyuma ya spika tafuta desibeli. Kila zikipungua 3, unahitaji wati mara mbili kupata sauti ileile.

Kuhusu besi, msikimbilie sabufa. Noti ya chini kabisa ya dabobesi ya kawaida kwenye okestra ni kama 41 Hz, na besi wa kwaya anaishia karibu na 80. Spika nzuri ya wufa ya inchi 8 inambeba mwimbaji huyo bila shida. Wanaohitaji zaidi ni wapenzi wa kinanda kikubwa cha kanisani.

Jambo moja la hatari: spika zenye amplifaya ndani kutoka Japani ni za volti 100. Sisi tuna 230. Ukichomeka moja kwa moja zinaungua mbele ya mteja. Lazima transfoma ya kushusha. Zisizo na umeme ndani hazina tatizo hilo.

Yule mwalimu nilimtafutia jozi nyingine baada ya miezi miwili, zenye mpira, namba za nyuma zimefuatana, maana yake zilizaliwa pamoja. Safari hii nilimpigia simu aje ajaribu mwenyewe kabla sijamlipa muuzaji. Alikaa dukani saa nzima amefumba macho, wateja wengine wanamshangaa. Alilipa 500,000, na wiki iliyofuata alimleta mpiga kinanda wake.